Ukuta wa Nyuma wa Kebini

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Ndanda, nilikwenda kumwona dada yangu aliyelazwa pale hospitali, na gari tulilopanda likapata pancha Nanganga. Gurudumu la akiba nalo halikuwa na upepo, kwa hiyo abiria tukashuka kunyoosha miguu. Nyuma ya gereji, chini ya kivuli cha turubai, mafundi walikuwa wanaunganisha upya kebini ya lori la jeshi la zamani, yale ya pua ndefu na madigadi mapana ambayo siku hizi huyaoni tena barabarani. Mwenye lori, waliniambia, ni mtu anayependa vitu vya kale, anataka lori lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Milango ilikuwa imeegemezwa ukutani, boneti imelazwa juu ya matairi, na paa wamelinyanyua watu watatu wanatafuta matundu ya bolti.

Fundi mmoja kijana akaniamkia shikamoo, akaniomba nishike kona moja, wamepungukiwa mkono. Nikashika. Paa likateremka polepole, likakaa juu ya ukuta wa nyuma, na mabati yakatoa ule mlio wa chuma kinachosogea kutafuta mahali pake. Mama mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nikaanza kutokwa jasho la baridi mbele ya vijana wa watu. Fundi akauliza kama naumwa. Nikamjibu ni jua.

Halikuwa jua. Niliogopa, na sijaogopa hivyo tangu utotoni. Wewe tumejuana miaka mingi, tumekula na kulia pamoja, lakini jambo hili sijawahi kukusimulia.

Nyumba yetu Newala ilikuwa karibu kabisa na ukingo wa uwanda wa juu, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana kule chini limejaa ukungu. Asubuhi za kiangazi kulikuwa na baridi na upepo, na msimu wa kupuliza mikorosho upepo huo ulileta harufu ya salfa hadi ndani ya chai. Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa na chumvi kidogo, tukiimenya kwa meno huku vidole vinaungua. Yote hayo nayakumbuka kwa furaha. Lakini maji yalikuwa bondeni. Mama alikuwa ananiamsha kabla jogoo hajachoka kuwika, tunateremka njia ya mawe na wanawake wengine, kila mmoja na ndoo yake, na kupanda kurudi ilikuwa ni kazi ya kumwaga jasho zaidi ya maji tuliyobeba. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Utosi wangu ulikuwa mgumu kama kisigino.

Jirani yetu alikuwa dereva mstaafu. Ndiye aliyelipata lile lori. Lilikuwa la jeshi, la miaka ya vita vya ng'ambo ya mto, limeachwa kwenye kichaka upande wa chini na kupita mikono ya watu wengi kabla ya kumfikia yeye. Wengine walichukua viti, wengine vioo. Injini ilikuwa nzima, na yeye alizijua injini. Alitaka kuweka tangi nyuma, awe anapandisha maji. Kilichobaki ni kebini, iliyoliwa na kutu na kubonyea kila upande, na hiyo ilikuwa kazi ya baba.

Baba alikuwa fundi bodi. Kazi aliianza kijana, na nyundo zilimlipa kwa kumchukua masikio. Ukitaka akusikie ilibidi usimame mbele yake na kusema kwa sauti. Mimi ndiye niliyezoea kumpigia mkingo: yeye anagonga bati kutoka nje, mimi niko ndani nimeshikilia kipande cha chuma kizito dhidi ya mbonyeo, ili bati linyooke badala ya kutoboka. Mikono yangu ilikuwa midogo, ikifika pembe ambazo ya kwake haikufika. Nilijivunia sana kazi hiyo. Wasichana wenzangu walisuka ukili, mimi nilijua tofauti ya spana kumi na tatu na kumi na nne kwa kuishika tu.

Lori lilivutwa hadi uwanjani kwetu, na baba akaifungua kebini kipande kwa kipande. Paa, milango, boneti, madigadi, sakafu, ukuta wa nyuma. Vyote vilitandazwa kwenye majani kama vyombo vya msiba. Alivisugua kwa msasa, akakata sehemu zilizooza na kuweka mabati mapya. Ukuta wa nyuma hakuukata. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameuwekea kiraka kikubwa cha bati kwa ndani, nyuma ya kiti, kimepigwa riveti kuzunguka pande zote. Baba alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasema kiraka kile kimepigwa na mtu aliyejua kazi, kiachwe.

Bibi, mama yake mama, hakulipenda lori tangu siku ya kwanza. Yeye alivuka Ruvuma wakati wa vita, mama akiwa mtoto mgongoni, na mambo aliyoyaona huko hakuyasimulia. Niliona tu kwamba akipita uwanjani alilizunguka lori kwa mbali, na hakuligeuzia mgongo hata mara moja. Akienda jikoni alikwenda kama anatembea pembeni mwa nyoka. Mimi na ujuzi wangu wa spana nilimcheka moyoni.

Siku ya kuanza kuunganisha ilifika. Jirani na baba waliweka sakafu kwanza, kisha wakaunyanyua ukuta wa nyuma. Mimi nilikuwa juu, kazi yangu kuingiza bolti. Baba alikuwa na kanuni yake aliyoirudia hadi nikaiota: usikaze hata moja mpaka vyote vimekaa. Walipouinamisha ukuta ili uingie, nikasikia kitu ndani ya kiraka. Kilitoka upande wa kushoto, kikaenda taratibu hadi kulia, kikasimama. Walipoinamisha tena, kikarudi.

Jirani alikuwa anahema na kutoa maelekezo, hakusikia. Baba hakuweza kusikia. Nikamwambia baba mna kitu humu. Akasema ni nati, mafundi wa zamani walikuwa wanasahau nati kila mahali. Kesho, alisema, atachomelea ukingo wa chini wa ukuta kwenye sakafu, pale palipobaki pembamba, na baada ya hapo tutapandisha paa.

Nilimkuta bibi anamenya mihogo. Nikamsimulia, kama habari tu. Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Kinagonga au kinabingirika?" akauliza.

Nikasema kinabingirika. Bibi akaweka kisu chini, akafuta mikono kwa khanga yake, akaniuliza ukubwa wake ungekuwaje nikisikiliza vile. Nikamwonyesha kwa ngumi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huko walikotoka, watu walikuwa wakificha vitu vya kuua ndani ya kuta, ndani ya magunia ya chumvi, hata chini ya vitanda vya watoto, na mara nyingine waliovificha walikufa kabla ya kuvirudia.

Nilimwomba aende yeye kumwambia baba. Akatikisa kichwa. Unajua desturi zetu: mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali, hawatazamani usoni, hawabishani. Bibi na baba walikaa uwanja mmoja miaka yote ile na sikumbuki kuwaona wakiongea zaidi ya salamu.

"Mimi siwezi kumkataza mkwe wangu kazi yake," akasema. "Wewe ni mwanawe. Wewe ndiye uliyesikia."

Mama alikuwa amekwenda kwenye msiba Makote, angerudi baada ya siku mbili. Kwa hiyo jambo lile lilibaki kwangu, na sikujua kwamba kitu kinaweza kuwa kizito hivyo bila kuwekwa kichwani. Kama ni nati, baba atanicheka, na jirani atacheka, na nitakuwa mtoto wa kike aliyeogopa chuma. Kama si nati, baba atakileta kile kimoto chake cha gesi hadi pale.

Asubuhi nilimkuta amekwisha washa. Amevaa miwani yake myeusi, mkononi ule mwali wa buluu usio na moshi, unaovuma kama nyuki. Nilimwita, hakusikia. Nikamwita tena. Alikuwa ameinama upande wa nje wa ukuta, anatafuta pa kuanzia. Nikapanda ndani ya kebini isiyo na paa wala milango, nikakaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye kiraka. Nilihisi ubaridi wa bati ukipita kwenye gauni langu. Nilijua nimeegemea nini, au nilidhani najua, lakini nilikuwa na hakika moja: baba hatachomelea mahali nilipo.

Aliponiona alizungusha ufunguo wa gesi, mwali ukapungua.

"Toka humo."

Nikatikisa kichwa. Akavua miwani, na nikaona hasira machoni. Baba hakuwa mtu wa kupiga, lakini hakuwa mtu wa kukataliwa pia. Nikamwambia kwa sauti kubwa, nikimtazama usoni ili asome mdomo kama masikio yatashindwa:

"Baba, siyo nati. Nati inalia ikigonga bati. Hii hailii. Inabingirika, na imefungwa kwenye nguo."

Nadhani lile neno la nguo ndilo lililomsimamisha. Lilikuwa ni neno la fundi. Akazima gesi kabisa. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye kiraka na mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, ndivyo alivyokuwa akisikiliza injini. Akaniashiria nilisukume bati kwa bega, kidogo sana. Nikasukuma.

Sura ya baba ilibadilika rangi. Sijaiona tena sura ile kwa mtu mwingine. Alininyanyua kwa kwapa mbili kama mtoto wa miaka miwili, akaniteremsha, akanielekeza niende kwa bibi, na kwamba mimi na bibi tuende hadi kwa jirani na tusirudi mpaka aje mwenyewe. Hakusema kwa ukali. Alisema polepole, kila neno peke yake.

Nilifika nyuma ya jiko, sikwenda zaidi. Bibi alinivuta, nikashikilia nguzo. Nikamwona baba anatafuta keekee ya mkono, akaanza kuzitoboa riveti moja moja. Hakugonga. Alizungusha, akapuliza vumbi la chuma, akahamia nyingine. Zilikuwa nyingi. Jua lilipanda, kuku walikuwa wanaparua chini ya lori, na mimi nilitaka kuwafukuza kuku wale, nikaogopa hata kupunga mkono. Bibi alikuwa ameshika bega langu kwa nguvu hadi kucha zikaniingia. Riveti ya mwisho ilipotoka baba alilishikilia bati kwa kifua, akalishusha kama mtu anayemlaza mtoto aliyelala.

Kisha akarudi nyuma. Hatua moja, ya pili, bila kugeuka, kama bibi alivyokuwa anafanya.

Lilikuwa bomu la mkono, kubwa kama embe dogo, limefungwa kwa kipande cha turubai kilichoanza kuoza. Pete yake ya usalama ilikuwa bado ipo, imeshika kutu. Nani aliliweka, na kwa nini, hakuna anayejua hata leo. Jirani alipanda baiskeli kwenda kutoa taarifa, na kesho yake wakaja askari wawili, watu wapole, mmoja wao aliniuliza jina na darasa. Walituondoa sote, nyumba kwa nyumba, hadi shuleni. Walilipeleka ukingoni na kulilipua huko. Mlipuko ulipasuka bondeni na kurudi, na kurudi tena, na wazee waliovuka mto zamani waliinama wote kwa pamoja, akiwemo bibi, bila hata kujua kama wameinama.

Mama aliporudi kutoka Makote alisikiliza habari yote akiwa amesimama na mzigo kichwani. Hakulia. Alisema lori liondoke uwanjani kwake. Jirani naye alipoteza hamu, wala majirani wengine hawakutaka tena kusikia habari ya kupanda gari lile. Baba hakubisha. Lakini lori halikuondoka, maana hakukuwa na wa kulivuta, na vipande vya kebini vikaendelea kulala kwenye majani, umande ukivipiga.

Jambo ambalo hatukulisema nyumbani ni mkono wa baba. Kila alipoinua nyundo ulianza kutetemeka, na nyundo ikarudi chini bila kugonga. Wateja wengine walileta mabati yao, akawaambia ana homa. Alikaa kwenye gogo akitazama mikono yake. Mimi niliogopa bomu, lakini bomu lilikuwa limekwisha. Hili la baba ndilo lililonifanya nikose usingizi, kwa sababu sikujua kama lina mwisho.

Mikorosho ikatoa maua, mabibo yakaanza kuiva. Siku moja, tukipanda kutoka bondeni, mama aliteleza kwenye mawe mbele yangu. Ndoo ilipita pembeni mwa kichwa changu ikagonga jiwe chini kabisa. Mama alivunjika kifundo cha mkono. Wanawake walimfunga kwa khanga na vijiti, na mimi nilishuka tena peke yangu kuchota, kwa sababu nyumbani hapakuwa na tone.

Nilipofika juu niliitua ndoo, nikaenda moja kwa moja kwenye lori. Nikaokota kile chuma cha mkingo kwenye majani, kimeota kutu kidogo. Ukuta wa nyuma ulikuwa bado umesimama pale ulipofungwa kwa bolti mbili tatu, na ulikuwa na mbonyeo mkubwa ambao baba hakuwahi kuumalizia. Nikapanda ndani. Nisikudanganye kwamba nilikuwa shujaa. Nilitazama lile tundu la kiraka lililo wazi, hamna kitu, nilijua hamna kitu, na bado mkojo ulinichuruzika hadi kwenye kandambili. Nikabandika chuma kwenye mbonyeo, nikasubiri.

Baba alikuja taratibu kutoka kwenye gogo lake.

"Toka humo, mwanangu."

"Gonga, baba."

Alisimama upande wa pili wa bati, nisimwone. Nilimsikia akipumua. Nikasikia nyundo inaokotwa, inawekwa chini, inaokotwa tena. Mikono yangu ilianza kuchoka. Pigo la kwanza lilikuwa dogo, kama la mtu anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa. La pili likafuata baada ya muda mrefu. La kumi nililisikia hadi kwenye mabega.

Toka siku hiyo tuliunganisha. Paa, na nguzo za milango, na milango yenyewe iliyogoma kufunga mpaka baba alipopandisha bawaba upana wa ukucha. Madigadi, boneti. Bolti zote zikiwa zimelegea, kisha baba akazunguka na spana kuzikaza, pembe hii, halafu pembe ya upande wa pili. Mama alitazama kutoka mlangoni, mkono umefungwa kifuani. Hakusema liondoke tena. Jirani akarudi na rangi, kijani ambayo haikufanana na ya jeshi, akaleta na tangi.

Safari ya kwanza tulipanda watatu mbele, jirani akiendesha, baba dirishani, mimi katikati na mgongo wangu kwenye ukuta ule. Kushuka hakukuwa na shida. Kupanda, na tangi limejaa, lori lilinguruma na kurudi nyuma kidogo kwenye kila kona, na chini yangu niliona vichwa vya miti. Kila bati lilikuwa linatetemeka. Baba alinitazama.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

Nilisikiliza kwa muda, kwa sababu nilijua anauliza kweli.

"Sisikii kitu, baba. Injini tu."

Akageuka dirishani. Nilimwona anafuta macho kwa kitambaa chenye grisi. Juu, wanawake walikuwa wamepanga ndoo tangu kwetu hadi njia panda.

Lori lile lilipandisha maji miaka kadhaa. Baadaye mabomba yakafika, si kila siku yanatoa, lakini yamefika, na lori likasimama, likauzwa chuma chakavu vipande vipande. Ile njia ya mawe imeota vichaka. Nilipokwenda mara ya mwisho, wajukuu wangu waliniuliza wanawake walipitaje pale, nikashindwa kuwaonyesha hata pa kukanyagia. Uwanja wetu una nyumba ya mtu mwingine sasa, nzuri, yenye vigae.

Kuna jambo sikumwuliza baba alipokuwa hai: kwa nini alizitoboa zile riveti mwenyewe, badala ya kuliacha lori lilivyo na kuwangoja askari. Mara nyingine nadhani hakuamini mpaka aone. Mara nyingine nadhani aliona aibu kwamba nusura aniue, akataka liwe lake peke yake. Sina wa kumwuliza. Bibi alitangulia, akafuata jirani, kisha mama, na baba ana miaka saba kaburini.

Hofu ile tulikuwa tumeigawana watu watano. Wanne wamekwenda, na kila mmoja aliponiaga aliniachia fungu lake.